Sura ya Tano: Nunua Fremu, Injini Itatengenezwa

Mkwiro iko ncha ya mashariki ya Kisiwa cha Wasini, na kisiwani humo hakuna magari. Hayahitajiki. Kisiwa kina urefu wa kilomita 5 hivi na upana wa kilomita 1, na mtu hufika kokote kwa miguu, akipita vijia vya mawe ya matumbawe. Shida humpata aliye na kazi ng'ambo. Mwalimu, muuguzi, mwuza duka, kijana anayepika hotelini Diani: akishashuka mashuani Shimoni ana kilomita 15 hivi za kufika Kanana, penye barabara kuu ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga, na hapo ndipo safari huanza hasa. Msambweni ni kama kilomita 30 kutoka Shimoni, Ukunda kama 50. Matatu hungoja mpaka zijae. Jioni, akirudi, hofu yake ni kuikosa mashua.

Mtu huyu anahitaji pikipiki, na mimi nasema anunue kuukuu. Pikipiki mpya ya kawaida, ya cc 125 au 150, bei yake imepita shilingi laki moja na nusu. Mwenye boda hulipa bei hiyo kwa nauli za abiria. Anayekwenda kazini na kurudi huilipa kwa mshahara, na mshahara wenyewe unangojewa na karo na chakula. Kilomita 60 kwa siku, kwenda Msambweni na kurudi, ni kazi ndogo kwa injini ya cc 125. Hunywa lita moja na nusu hivi za petroli. Pikipiki ya miaka kumi iliyotunzwa itaifanya kazi hiyo kwa miaka mingine mingi.

Shida ni kuichagua. Ushauri mwingi kuhusu pikipiki za mtumba umetolewa na watu wa bara kwa ajili ya watu wa bara. Watakwambia utazame kilomita, usikilize injini, uangalie moshi. Yote ni sawa, nami nitayafikia. Lakini kwa anayeishi Mkwiro, Wasini, Shimoni, Vanga, Gazi au kando ya ufuo wa Diani, swali la kwanza la kumwuliza mwenye kuuza ni jingine: "Kaka, pikipiki hii ilikuwa ikilala wapi?"

Kilomita zenyewe hazisemi mengi. Kebo ya saa ya mwendo hukatika mapema, na wengi hawaitengenezi. Utakuta saa inaonyesha 31,000 na imeonyesha hivyo tangu mwenyewe wa pili. Tena pikipiki nyingi ndogo zina tarakimu tano tu za kilomita, zikipita 99,999 zinaanza upya na sifuri. Mahali ilipolala hapafichiki hivyo. Pameandikwa kwenye chuma.

Chumvi ikiwa kwenye hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 75, hunyonya maji hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Usiku wa pwani yetu aghalabu huvuka kiwango hicho. Kwa hiyo pikipiki iliyorushiwa chumvi na upepo mchana hulala imelowa, hata kama mvua haijanyesha wiki tatu. Na maji yenyewe ni mabaya kuliko ya mvua: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine. Alumini nayo hujilinda kwa ngozi nyembamba ya oksidi, lakini chumvi huitoboa ngozi hiyo, ndipo unapouona ule unga mweupe kwenye kava za injini. Pabaya zaidi ni pale bolti ya chuma ilipoingia kwenye alumini. Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, moja huila nyingine. Alumini huliwa, bolti huganda, na siku fundi atakapotaka kuifungua, itakatika kichwa mkononi mwake.

Chumvi hiyo hutoka kwenye mawimbi yanayovunjika, na nyingi huanguka karibu. Mita mia chache tu kutoka ufuoni hupungua sana. Hii ndiyo sababu pikipiki mbili za mwaka mmoja, zilizotoka duka moja Ukunda, zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa: moja ililala kando ya ufuo, nyingine ililala upande wa pili wa barabara kuu, mwendo wa saa moja tu kwa miguu. Na miezi ya kusi, upepo unapovuma kutoka baharini moja kwa moja, tofauti hiyo huongezeka.

Kwa hiyo shauri langu ni hili, na ndilo sura hii imeandikwa kwa ajili yake. Tafuta pikipiki iliyoishi bara. Kaunti ya Kwale si ufuo peke yake. Kinango na Samburu ni nchi kavu, ya vumbi na ng'ombe. Pikipiki ya huko itakuwa imechoka injini, kwa sababu vumbi likipita kwenye chujio la hewa husaga silinda kama msasa. Lakini fremu yake itakuwa nzima. Na injini iliyochoka si msiba. Fundi huipeleka silinda ikachongwe, akaweka pistoni kubwa kidogo; pistoni hizo huuzwa kwa hatua za robo milimita, 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00. Ringi mpya, vali zikasagwa, oili mpya, na pikipiki ikarudi barabarani. Fremu iliyooza haina tiba ya namna hiyo. Bomba lake ni jembamba. Ukichomelea palipotoboka, joto la kuchomelea hupitia kutu ya jirani na mwaka ujao utarudi pale pale. Zaidi ya hayo, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu ndiyo iliyo kwenye logibuku. Injini yaweza kubadilishwa na mabadiliko yakaandikishwa. Fremu ndiyo pikipiki yenyewe machoni pa sheria.

Wengi hufanya kinyume. Huvutwa na injini inayonguruma vizuri na tangi lililopakwa rangi jana, wakalipa, na miezi minane baadaye wakaona ufa chini ya kiti.

Sasa ni pikipiki gani. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250, na tangu hapo nchi ikajaa pikipiki za India na China. Soko la mtumba la leo limetokana na uamuzi huo. Nyingi unazoziona zikiuzwa ni Bajaj Boxer, TVS Star, na za Kichina kama Haojin na Skygo, halafu hapa na pale Yamaha, Honda au Suzuki ya zamani.

Ukitaka kuelewa pikipiki za Kichina, anza na Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976. Wahandisi wa Honda walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi pikipiki zao hubebeshwa mizigo mizito, oili huchelewa kubadilishwa, na mnyororo wa ndani unaozungusha kamshafti hulegea bila mtu kuukaza. Wakarudi kwenye muundo wa kale: kamshafti ikawekwa chini karibu na kranki, ikizungushwa na meno ya gia, na vijiti viwili virefu vikazisukuma vali kule juu. Hakuna mnyororo wa ndani wa kulegea. Silinda ina kipenyo cha milimita 56.5, pistoni hutembea milimita 49.5, jumla cc 124. Cheni ya nje nayo ilifungiwa yote ndani ya kava, isiingie mchanga wala maji. Sijui injini nyingine iliyofikiriwa vizuri zaidi kwa ajili ya mtu asiye na fundi karibu.

Viwanda vya China viliuchukua muundo huo na bado vinautengeneza. Tazama ubavuni mwa injini, utakuta maandishi kama 156FMI. Yanasomeka: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni injini inayopozwa na hewa, M ni pikipiki, I ni cc 125. Ukikuta 162FMJ, hiyo ni ya cc 150. Iandike namba hiyo kwenye simu yako, maana jina lililo kwenye tangi laweza kuwa la kiwanda kilichofungwa zamani, lakini muuza spea akiona namba ya injini anajua akupe nini. Tahadhari moja: namba hiyo haikwambii kama vali zinasukumwa na vijiti au zinaendeshwa na mnyororo. Zipo za aina zote mbili, na spea zao za juu hazifanani. Mwulize fundi kabla hujalipa.

Boxer haina mengi ya kueleza. BM150 ina injini ya karibu cc 145, ina nguvu ya kumbeba mtu na gunia, na spea zake zipo Ukunda na Msambweni kila duka. Kasoro yake ni kwamba karibu kila Boxer ya mtumba imewahi kuwa boda. Si neno, mradi ujue unanunua nini: beringi za usukani, shokamzoba na boshi za nyuma zitakuwa zimekwisha, nazo ni spea za bei nafuu. Ukinunua Boxer ya miaka sita iliyolala Kinango ukabadilisha vitu hivyo mara moja, umepata pikipiki bora ya kazi kuliko nyingi za dukani.

Kuna wanaopenda za kale hasa: Yamaha DT125, Yamaha AG100, Suzuki TF125, zile walizopanda maafisa wa kilimo na afya miaka ya themanini na tisini, nyingine zikauzwa kwenye minada ya serikali. Nazipenda mimi pia. AG100 ina kava kamili la cheni na stendi mbili za pembeni, imeundwa kwa shamba, na ni pikipiki ya heshima. Lakini hizi ni injini zinazochoma oili pamoja na petroli. Nyingi za Yamaha zina tangi la oili la pembeni na pampu yake, mfumo ambao kampuni iliuanzisha mwaka 1964. Akikwambia muuzaji kwamba pampu imetolewa na unatakiwa kuchanganya oili ndani ya tangi la petroli, jua kwamba siku utakayosahau, au utakayoweka mafuta kwa haraka kituoni ili uiwahi mashua, pistoni itaganda ndani ya silinda. Na spea za DT utazitafuta Mombasa, pengine uagize. Iwe ya pili, ya mapenzi. Ya kwenda kazini iwe ile ambayo kebo yake ya klachi inauzwa Ramisi.

Honda ndogo za C70 na C90 ziko kundi lao peke yao. Ukoo wao, Super Cub, ulianza mwaka 1958, na kufikia 2017 Honda ilikuwa imetengeneza milioni 100. Hakuna chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi huo. Hata hivyo fremu yao ni ya bati lililokunjwa, yenye uwazi ndani, na pwani huoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona alama ndogo ya kutu nje, ndani pamekwisha.

Nenda kuitazama asubuhi, na mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna jambo halitaki kuonekana injini ikiwa baridi. Lakini usiiwashe bado. Anza na fremu. Inua kiti. Chini ya kiti ndipo maji hujificha, na ndipo mpaka rangi mvivu hafiki. Pitisha kidole upande wa chini wa bomba, mahali stendi ya kati ilipofungwa, mahali swingi-amu ilipoingia. Rangi iliyovimba kama upele ina kutu chini yake. Ikwaruze kwa bisibisi, na kama mwenyewe anakataza, mshukuru uondoke. Gonga bomba kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Fungua viunganishi vya waya vilivyo karibu na betri. Ukikuta shaba imegeuka kijani, hapo ndipo penye jibu la swali la ilikokuwa ikilala, lolote atakalosema mwenyewe.

Tazama ndani ya tangi kwa tochi. Piga njiti za magurudumu kwa kalamu moja baada ya nyingine: zilizokaza zina mlio unaokaribiana, iliyolegea au iliyoliwa na kutu huzubaa. Pitisha mkono chini ya sailensa. Kamata cheni pale nyuma ya sproketi uivute. Ikiinuka mpaka ukaona nusu ya jino, cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja, upunguziwe bei. Inua gurudumu la mbele ugeuze usukani polepole. Ukishika katikati kama unaingia kwenye shimo, beringi zimekwisha. Tairi lina tarakimu nne zilizofungwa ndani ya duara refu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita kwenye jua letu limekauka hata kama kashata zake ni mpya.

Ndipo uiwashe, kwa kiki hata kama ina stata. Kiki isiyo na uzito ni silinda iliyolegea. Moshi wa buluu kwenye injini ya kawaida ni oili inayoungua, mweusi ni petroli nyingi, na hayo yote, kama nilivyosema, yana dawa.

Makaratasi yasikuchukulie muda mrefu, ila usiyaruke hata kidogo. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye logibuku, kwa macho yako, kwenye chuma, si kwenye picha. Namba iliyosagwa au iliyogongwa upya, acha. Sisi tuko karibu na mpaka wa Horohoro, na pikipiki isiyo na historia inaweza kuwa imetoka popote. Kama logibuku ina jina la mkopeshaji pamoja na la mwenyewe, deni lipo mpaka mkopeshaji aseme limekwisha. Uhamisho wa umiliki hufanywa kwa mfumo wa NTSA kupitia eCitizen: muuzaji huanzisha, mnunuzi hukubali. Lipa fedha zilizobaki baada ya hapo, si kabla. Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 tu za kuitumia barabarani kabla jina lako halijaingia. Pikipiki ya zamani hasa utaitambua kwa namba yake: zilizosajiliwa kabla pikipiki hazijapewa mfululizo wao unaoanza na KM zina namba kama za magari, nazo zichunguzwe makaratasi kwa makini zaidi kwa sababu zimepita mikono mingi. Leseni ya pikipiki ya binafsi ni daraja la A2, na helmeti na jaketi la kuakisi mwanga ni lazima kwako na kwa utakayempakia, ambaye ni mmoja tu.

Umeshainunua, sasa itunze kama wazee wetu walivyotunza vyombo. Jahazi lilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, juu ya usawa wa maji na shahamu chini yake, likaburutwa ufuoni kwa wakati wake, na halikungoja kuoza ndipo lipakwe. Pikipiki nayo ina sifa yake: grisi kwenye kila bolti kabla haijarudishwa mahali pake, nta au mafuta mazito ndani ya mabomba ya fremu kupitia matundu yaliyo chini ya kiti, na mafuta ya cheni kila wiki. Usimwage oili chafu ya injini juu ya chuma kama wafanyavyo wengi. Hudondoka kwenye breki na kwenye udongo tunaochotea maji. Ioshe kwa maji matamu angalau mara moja kwa wiki miezi ya kusi. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye jabia kisiwani ni ya kunywa. Ioshe upande wa Shimoni au mbele zaidi, kisha iendeshe kidogo ikauke kabla hujaiegesha.

Usiifunike kwa turubai la plastiki. Plastiki hushika unyevu wa usiku, ikaurudisha kwenye chuma, na pikipiki iliyofunikwa hivyo huoza haraka kuliko iliyoachwa wazi. Kinachofaa ni paa na upepo unaopita, mbali na mawimbi.

Hilo mtu mmoja hawezi kulifanya peke yake. Wengi wanaovuka kutoka Mkwiro na Wasini kwenda kazini huacha pikipiki zao karibu na maji, kwa sababu ndipo mashua inaposhukia na ndipo penye mtu wa kuziangalia. Nawaomba wenzangu: changeni. Tafuteni kiwanja kidogo Shimoni, mita 300 au zaidi kutoka gatini, mjenge banda la makuti lililo wazi pande zote, muweke tangi la maji matamu na mlinzi mmoja wa kulipwa na wote. Miti ya mvinje ipo, makuti yapo, na mafundi wa kuezeka mnawafahamu kwa majina. Gharama ya banda hilo ikigawanywa kwa watu ishirini haitafika bei ya fremu moja.